Nusu Milimita

Punda ameileta tena mota ya pampu ya Shela,
mara ya tatu tangu Rajabu,
imefungwa kwa kamba ya katani, yanuka vanishi iliyoungua.
Ami Shekuwe akaipiga kofi kama ng'ombe asiyekamika:
"Weye, nimekusuka koili mara mbili. Wataka nini?"

Nikafungua kompyuta juu ya gunia la misumari,
nikaichora bila kuigusa:
meno thelathini na sita ya stata, rota katikati,
na baina yao pengo la hewa,
nusu milimita, unene wa ukucha.

Kisha nikaikata vipande.
Pembetatu elfu arubaini na moja,
kubwa kubwa kwenye gamba la nje,
ndogo mno, zimebanana, pale penye pengo,
kama mama yangu anavyoshona kofia:
kwenye uwanda sindano hukimbia,
penye kito huenda tundu kwa tundu, pumzi kwa pumzi.

Hakuna pembetatu iijuayo mota.
Yajua jirani zake watatu tu:
wewe umepata sumaku kiasi gani?
Mimi nimepata hii. Haya, tusawazishe.
Swali likaenda mlango kwa mlango,
likarudi limebadilika, likatumwa tena,
kama habari ya posa inavyozunguka Langoni
hadi nyumba zote ziwe na kauli moja.

Mara ya kwanza zilikubaliana uongo.
Penye milimita niliandika mita,
nikaumba mota inayoipita Ngome kwa ukubwa,
ya kukivuta kisiwa cha Manda kikaja ng'ambo hii.
Ami alicheka mpaka akakohoa.
Mara ya pili, sitini na mbili kwa mia,
stima ikakatika.

Mara ya tatu rangi zikaja,
buluu, kijani, manjano ya bizari,
zote duara, zote sawa, nzuri za kutundika ukutani.
"Yako haiumwi," akasema Ami. "Na hii yangu je?"
Swali lake lilikuwa bora kuliko hesabu yangu.

Usiku nikaisogeza rota ya kwenye kioo
robo milimita kulia,
bila sababu, ila ukaidi.
Jino la kumi na saba likawaka, na la kumi na nane,
chuma kimeshiba hadi kooni,
na mshale wa nguvu umelala upande mmoja.

Asubuhi Ami hakutazama kioo.
Alichukua kadi kuukuu ya kukwangua, ya simu,
akaipenyeza kupitia tundu la kifuniko.
Kushoto ikapita, ikacheza.
Kulia ikagoma.
Akanyamaza. Akafungua skrubu moja moja.
Kitako cha beringi kimelika,
na mtu amekijazia kipande cha kopo la maziwa,
yale yale anayotilia chai yake.

"Nilikuwa na haraka," akasema.
Kisha: "Rajabu ilikuwa na joto."

Mota imerudi Shela, maji yapanda.
Mimi nilihesabu gamba litafika nyuzi sitini na nne.
Ami aliweka kiganja, akakitoa:
"Hamsini na tisa."
Kipimajoto hatuna.
Njiani tukavutana hadi penye kona ya msikiti,
tukakubaliana sitini na mbili,
pembetatu mbili zinazopakana.