Saa Iliyopotea Darajani

Ukitoka Haparanda saa tatu asubuhi
ukavuka daraja kwa miguu, bila haraka,
unafika Tornio saa nne na dakika kumi.
Dakika kumi ni zako, umezitembea.
Ile saa nzima kaichukua nani?

Mimi hukaa dirisha la tatu, ofisi ya upande wa Ufini.
Kazi yangu, ukiniuliza, ni kueleza ilikokwenda.

Alhamisi alikuja Ensio Kruukka
na mfuko wa plastiki wa duka la samaki.
Ndani yake, miaka thelathini na mitatu:
kumi na tisa ya kiwanda cha chuma, upande wetu,
kumi na minne ya kupasua mbao, upande wa kwao,
kila mwaka na karatasi yake,
kila karatasi na mkunjo wake,
na harufu ya siki juu ya yote.
"Kule wananiambia niulize huku," akasema.
"Huku mliniambia niulize kule.
Hata mpira una dakika za mapumziko."

Nilicheka. Sikupaswa.

Februari alikuwa ameteleza darajani.
Barafu, kisha nyonga. Akalala katikati kabisa,
kichwa kwa Mfalme, viatu kwa Jamhuri,
na kijana mwenye simu sikioni
akimwinamia, akiuliza kwa upole:
"Mzee, ni upande gani?"
"Wa kulia," akajibu, akikunja uso.
Kijana alikuwa anauliza nchi.

Gari lilikuja. Lilitoka wapi, hakumbuki.
Anakumbuka blanketi la njano
na muuguzi aliyemsemesha lugha ya bondeni,
ile ya bibi zetu,
ambayo haijawahi kuombwa pasipoti.
Bili ndiyo iliyokuja na anwani mbili.

Kwenye fomu, palipoandikwa *Ajali ilitokea nchi gani?*
amejaza kwa penseli: Darajani.
Mashine yangu haina nchi hiyo.
Niliitafuta, Mungu shahidi.
Ingekaa juu kidogo ya Denmaki.

Sheria ninaijua kwa moyo, kama sala:
mwaka wa kazi haufi kwa kuvuka mto;
kila nchi ilipe kipande chake
kwa kadiri ya jasho lililodondokea kwake;
mgonjwa atibiwe kwanza, nchi zidaiane baadaye.
Ni sheria nzuri. Iliandikwa na watu wenye akili
katika jiji lisilo na barafu kwenye ngazi.
Lakini haki haina miguu.
Siku hiyo ilibebwa kwenye mfuko wa samaki
na mtu mwenye nyonga ya chuma,
chuma ambacho, nani ajuaye,
huenda alikiyeyusha mwenyewe.

Tunafunga saa tisa.
Saa yake ya mkononi ilisema saa nane kasoro tano,
naye aliiamini, ni ya harusi.
Mlinzi wetu, Oili, alishaanza kuzima taa,
akaizima hadi dirisha la pili, akasimama.

Nikanyanyua simu.
Ng'ambo ya mto mchana ulikuwa bado na saa nzima ndani yake.
Gunvor alipokea mlio wa tatu, mdomo umejaa mkate.
Nikamsomea namba, akanisomea namba.
Mwaka mmoja ulikosekana, tukautafuta,
ukapatikana umejificha nyuma ya risiti ya sangara.
Ensio hakusema neno.
Alikuwa anazitazama karatasi zake
kama mtu anayetazama watoto wake wakivuka barabara.

Kipande chetu ataanza kukipata Mei.
Cha kule, bado. Gunvor anasema wiki nane,
na wiki, angalau, ni zilezile pande zote mbili.

Aliondoka saa tisa na nusu, mfuko kwapani,
akishika ukuta, kisha akiuacha.
Juzi amenipigia kunishukuru, na kunichokoza:
siku ile, kwa mwendo wake wa nyonga mpya,
alifika nyumbani mapema kuliko alivyotoka kwangu.