Kukwangua Ubao wa Darasa la Tatu

Mwalimu Tweve amenipa siku tatu na kopo moja la rangi.
Mtaala mpya umeshafika, anasema, na ubao uwe mpya.
Nikamwuliza: kwani ubao nao unafanya mtihani?
Hakucheka. Asubuhi za Matamba hazichekeshi mtu,
ukungu umewahi darasani kabla ya watoto
na kukalia madawati ya mbele.

Nakwangua.
Rangi ya juu inabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha.
Hii ni ya juzi, ya elimu bila ada,
watoto mia moja na kumi na wanne chumba kimoja,
wa nyuma wakinakili
kilichoandikwa kwenye shati la aliye mbele.

Chini yake kijani.
Kijani hiki nakijua, kililiwa na debe letu la viazi,
mchango wa ubao, mchango wa mlinzi, mchango wa mchango.
Miaka ile walimu walikufa katikati ya muhula;
hesabu za kugawanya tulizianza na mmoja
tukazimaliza na mwingine,
na wa katikati hatukupata kulijua jina lake lote.
Darasa la saba tulikuwa arobaini na mmoja.
Karatasi ilibandikwa mlango wa ofisi: majina mawili.
Mawili.
Baba hakusema neno. Jioni alinipa brashi.

Mwanangu Twilumba yeye alichaguliwa,
maana shule ya kata ilikuwa imejengwa pale bondeni,
tofali zake nimezibeba mimi.
Alitoka humu akiijua usanisinuru, akiwafundisha hata kuku,
akafika kule akaambiwa jina lake si hilo.
Muhula mzima akawa bubu,
mtoto tuliyekuwa tukimwomba, nyumbani, anyamaze tule.

Chuma kinagonga. Nyeusi.
Hii haikununuliwa dukani.
Ni mkaa wa betri za redio, wazee waliutwanga
wakauchanganya na majani ya maboga,
wakapaka kwa tambara,
na hadi leo haitaki kutoka.
Enzi hizo asubuhi watoto walichuma pareto ya shule,
mchana wakasoma, vidole vinanuka maua,
na usiku karabai iliwashwa kwa ajili ya mama zao.
Wangu, Elesia, alikuja nami mgongoni.
Nasikia nililia sana kwenye herufi E.
Jina lake aliliandika lote mwezi wa nne,
ila S ikatazama nyuma,
na ikaendelea kutazama nyuma
kwenye kila karatasi aliyotia sahihi mpaka anazikwa.

Saa sita Mwalimu Tweve akaja na kitabu,
kingali kinanukia kiwanda.
Sasa tutafundisha kazi za mikono, Enea, ni somo kamili.
Ukurasa wa tisa: jinsi ya kushika brashi.
Aliyechorwa ameishika kama kijiko cha uji.
Tunatafuta mtu wa kuwaelekeza, anasema.
Nikashuka ngazi moja.
Vyeti unavyo?
Nikapanda tena.

Karibu na sakafu, kimo cha mtu aliyepiga magoti,
nimekuta S zimechimbwa kwa msumari,
safu nzima, kumi na saba,
nyingine zikienda, nyingine zikirudi.
Sijui ni za nani.
Watu wengi wamehangaika na S humu ndani.

Rangi ya kuziba ninayo. Nimeiacha na kifuniko chake.
Nimepaka juu, taratibu, kutoka kushoto,
mkono ule ule ambao haumo kwenye kitabu.
Mwalimu anauliza kama Jumatatu itakuwa imekauka.
Kwa baridi hii, namwambia,
wasiandike chochote kabla ya Jumatano.

Ila nawajua. Hawatasubiri.