Karani wa Dakika Tano

Baba, nimeipima mara tatu.
Sabini na sita katika mia ya damu yako ni chembe nyekundu,
na mashine, isiyokujua, imeandika:
rudia, sampuli ina kasoro.
Haina kasoro. Ni ya Nicanor,
miaka kumi na tisa ndani ya mlima wa Rinconada,
mita elfu tano na ushei juu ya bahari asiyowahi kuiona.
Niliinamisha chupa; damu ikajivuta
nzito kama uji uliolala.
Watu husema maji yamezidi unga.
Kwako, unga ndio umezidi maji.

Ngoja nikueleze, maana ulicheka
niliposema ugonjwa wako una karani.

Huzaliwa ndani ya seli, na kabla hajavua kofia, hufa.
Hewa yenyewe humtia alama begani,
na mwenye alama hutafunwa. Dakika tano, basi.
Huzaliwa mwingine. Hufa. Mwingine.
Niliposoma hayo chuoni Puno nilikasirika:
uchumi gani huu, kuajiri na kuzika mchana kutwa?
Kisha nikaelewa. Siku hewa ikikatika
hakuna muda wa kutangaza nafasi ya kazi.
Siku hiyo alama haipatikani:
karani anapita hadi kwenye kiini, anamkuta mwenzake mezani,
wanafungua madaftari yaliyofungwa,
wanasoma kwa sauti. Figo, ombeni damu.
Uboho, oka. Mishipa, chimbeni njia.

Ndivyo ulivyopanda, kijana wa miaka ishirini na minne,
ukatapika siku mbili nyuma ya mabati ya Don Eleuterio,
siku ya tisa ukabeba gunia.
Ulidhani ni majani ya koka. Ulidhani ni ubishi wako.
Alikuwa yeye.

Lakini ninyi hufanya kazi siku thelathini bila malipo,
na ya thelathini na moja mnabeba mawe mnayoweza,
yawe na dhahabu, yasiwe nayo.
Karani hajapewa hata hiyo ya thelathini na moja.
Anasoma daftari lile lile,
uboho unaoka mikate isiyo na mlaji,
na wewe unaamka saa nane usiku, nyuki masikioni,
midomo rangi ya zambarau,
ukimwambia mama ni baridi.

Simlaumu.
Shangazi Ubaldina yuko Ilo, ufukweni,
hewa imejaa hadi inang'oa nguo kambani,
na figo yake ya kushoto ina uvimbe wa ukubwa wa limau.
Huko aliyekosekana ni mnyongaji.
Alama zinatiwa, wa kuua hayupo;
makarani wamefurika ofisini wakipiga kelele
hewa hakuna, hewa hakuna,
na mishipa inachimbwa kuulisha uvimbe
katikati ya upepo wote ule.
Wewe unakosa kweli. Yeye anadanganywa.
Daftari ni moja.

Daktari ameandika neno moja: ashuke.
Najua utakalosema. Ada ya Yesenia. Deni la jiko.
Utaniomba nikutoe damu chupa mbili kama mwaka jana,
ulale wiki tatu, upande tena.
Nitakutoa. Mkono wangu ni mwepesi, wewe mwenyewe ulisema.

Ila nimekata tiketi ya Jumapili, kiti cha dirishani.
Nenda ukamwone dada yako.
Basi litakapomaliza kona za mwisho
karani wako atazaliwa, ataangalia kushoto, kulia,
atatiwa alama begani,
na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto wa miaka mitatu
atakufa kwa wakati wake.

Beba sweta.
Huko upepo ni mwingi.