Wageni wa Maegesho

Saa mbili asubuhi, Aberdeen, na jua bado halijakubali kazi.
Nimetoka zamu ya usiku, soksi zimelowa,
glavu moja yangu, moja ya kuokota.
Kando ya Mto Don sakitu imelala juu ya nyasi;
nikizikanyaga zinalia kama kaukau.

Sikuwa mtu wa ndege.
Kwetu Korogwe ndege alikuwa wa kufukuzwa mpungani,
kopo la mawe, sauti kali, basi.
Aliyenigeuza ni Bi Isobel Geddes,
miaka tisini na moja, kitanda chake dirishani,
dirisha lake likitazama ukuta.
"Leo umeona nini?" huniuliza nikiingia zamu,
kabla ya dawa, kabla sijavua koti.
Mara ya kwanza nilimjibu: ndege.
Akanitazama kama mtu aliyeuliza mmepika nini
akajibiwa: chakula.

Ndipo nikaanza kutazama.

Korongo wa kijivu, mguu mmoja majini,
mabega juu, kama karani anayesubiri pensheni.
Kijidege kisichozidi gumba langu, mkia wima,
matusi yake yanajaza kichaka kizima.
Kidari-chekundu, ambaye hunifuata hatua kwa hatua.
Nilidhani ni mapenzi.
"Anangoja ufukue udongo," alisema Bi Isobel, "apate mnyoo."
Majina yao ya huku hayanikai ulimini,
nawapa ya kwangu, daftarini,
kwa penseli, maana wino huganda.
Vidole navyo.

Jumanne ile nilipita dukani kununua maziwa.
Kwenye maegesho, nyuma ya foleni ya troli,
kuna miti mitatu myembamba iliyopandwa na halmashauri,
matunda yake mekundu, tele, shanga zilizokatika uzi.
Na juu yake (thelathini? arobaini?)
ndege wa shungi.

Nikasimama.
Kila mmoja kajitanda kama anakwenda maulidini,
wanja machoni,
ncha ya mkia imechovywa kwenye manjano,
na bawani matone ya hina, mekundu,
kana kwamba ametoka kupambwa sasa hivi
na bado hajaruhusiwa kushika kitu.
Mmoja akampa mwenzake tunda.
Mwenzake akalirudisha.
Likaenda, likarudi, mdomo kwa mdomo,
adabu ya watu waliosafiri pamoja.

Kijana wa troli akapita, akasema bila kusimama:
"Wa ng'ambo hao. Kwao chakula kikiisha, huja huku."
Nikasema, "Ndiyo."
Hatukuongeza.

Daftarini: Mwanaushungi, wengi.

Jioni nikamsimulia Bi Isobel, mpaka ile hina.
Akainua mkono, ule unaomtii,
akagusa ukingo wa ushungi wangu kwa kidole kimoja.
"Niliwaona mwaka aliozaliwa Callum," akasema.
Callum mwenyewe sasa ana mvi, huja Pasaka.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu nikarudi, simu mkononi, niwapige picha
nimpelekee.
Miti mitupu. Chini, kinyesi chekundu juu ya theluji,
na troli iliyolala ubavu.
Wamekula, wamekwenda, jembe hawakulingoja.

Langu nilikabidhiwa palepale uwanja wa ndege
(jina gani hilo, hapakuwa na ndege hata mmoja),
na huu ni mwaka wa kumi na moja nalima.
Sisemi kwa uchungu. Nahesabu tu,
mazoea ya daftari.

Saa mbili na robo. Mwanga unachungulia chini ya daraja.
Jioni ataniuliza, na picha sina.
Nalamba ncha ya penseli, naandika:
korongo, mmoja,
amebadilisha mguu.