Karatasi ya Nyuma

Niliibandika mwenyewe, kwa gundi ya unga wa muhogo,
karatasi ya mistari nyuma ya kitabu:
Jina. Mtaa. Alama, sifuri hadi kumi.
Nilidhani watajaza sita, saba, saba na nusu,
kama walimu wanaoogopa wazazi.

Maktaba yetu ina nakala moja tu ya *Deni la Kamba*,
riwaya ya kwanza ya Mwantumu Shekiondo,
binti wa Makorora, karani wa mizani
kule Pongwe, aliyepima mkonge mchana
na kuandika nyuma ya stakabadhi.
Nakala moja, na foleni yake
inafika nje kwenye baiskeli.

Kumi, kaandika Mwanahawa wa Chumbageni.
Sifuri, kaandika Zahoro wa Barabara ya Nane.
Sifuri. Sifuri. Kumi, na chini yake mstari
uliokolezwa hadi kalamu ikatoboa.
Hakuna sita. Hakuna hata nne ya kusingizia.

Ni ile sura ya kumi na moja.
Saumu anaondoka alfajiri,
watoto watatu wamelala, uji umefunikwa kawa,
na mpaka ukurasa wa mwisho
haombi radhi.

"Kurasa mia mbili na kumi na nne," Zahoro aligonga meza yangu,
"nangoja aseme samahani!
Mwandishi gani huyu asiyejua kumaliza?"
Barabara ya Nane nzima inajua
ni nani aliyetoka nyumbani kwake mwaka ule wa mvua.
Sikusema. Nilipiga muhuri.
Wiki iliyofuata akakiazima tena.
Mara ya tatu nikashindwa kujizuia, nikamuuliza.
Akasema, bila kunitazama:
"Naangalia kama niliruka ukurasa."

Na Mwanahawa wa kumi?
Hakukimaliza.
"Nimeishia pale alipoufungua mlango," aliniambia,
"huko mbele msinipeleke."

Mzee Mhando, aliyekuwa mshika bendera wa reli,
hakutaka kujaza kisanduku. Akaandika pambizoni,
kwa mwandiko wa shule za zamani:

*Alama kukipa sina, kitabu kimeniweza,*
*Nimekesha tangu jana, chozi likanipumbaza,*
*Sifuri nayo naona, ni hasira kujiliza,*
*Kitabu sicho gunia, mizani haikipimi.*

Nilihesabu kwa vidole. Mizani imetimia.
Kisha nikaona, kwenye kona, kwa penseli hafifu,
kama mtu anayeficha sarafu:
tisa.

Ijumaa akaja mama yake Mwantumu,
bado na vumbi la saruji kwenye ukingo wa baibui;
anafagia ofisi za kiwandani.
"Nisomee," akasema. Nikamsomea, na nilipofika kwenye sifuri
sauti yangu ikapungua.
"Usiimung'unye. Ngapi?"
Kumi na tisa, mama.
"Na hao wa sifuri, walikimaliza?"
Nikamwonyesha: kona zimekunjwa,
doa la chai ukurasa wa mia na arobaini,
ukucha umepita chini ya jina la Saumu.
Akacheka hadi akashika meza.
"Wamelamba sufuria,
ndipo wakasema haina chumvi."
Mlangoni akageuka, hacheki tena.
"Mwanangu kila usiku ananipigia, swali ni moja: wangapi?
Nitamwambia karatasi imejaa."

Imejaa kweli. Leo nimebandika ya pili,
gundi haijakauka.
Wa kwanza ni Zahoro, mara ya nne sasa.
Jina. Mtaa. Kwenye alama amechora duara,
akanyanyua kalamu, akaduwaa,
akanirudishia karatasi hivyo hivyo.

Nimelitazama hadi saa ya kufunga.
Huenda ni sifuri.
Huenda ni kumi iliyoachwa na moja yake.

Nimempigia muhuri.
Siku kumi na nne.