Sentimita Hamsini

Barafu ya kwanza aliyoikanyaga mdogo wangu
ilikuwa ya samaki,
imesagwa, ina magamba, inanuka shombo,
imemwagika mlangoni pa kiwanda, Igogo.
Ana miaka sita, kaniletea chakula cha mchana.
Akateleza, sufuria ikaruka, wali chini.
Nilimchapa. Yeye anacheka tu,
anarudi nyuma hatua tatu ateleze tena.

Sasa ana kumi na sita.
Viatu vya magurudumu, mtumba wa Mlango Mmoja,
cha kulia namba arobaini, cha kushoto arobaini na mbili;
cha kushoto hukijaza soksi kuukuu.
Gongo la mpera. Kisahani kimekatwa kwenye tairi la fuso.
Uwanja ni sakafu ya ginari. Pamba ilishahama,
wamebaki popo, na saruji iliyosuguliwa na miaka ya marobota,
na Mwalimu Byabato, aliyekwenda ughaibuni kusomea mitambo
akarudi na mchezo ambao hakuna aliyemwagiza.

"Usitazame kisahani," hufoka, "kisahani hakina nia!
Tazama kiuno cha mwenzio. Kiuno hakijui kudanganya."

Na Lushinge hupita.
Sijui niseme vipi. Hupita kati ya watu
kama mtu anayeingia kwao gizani, umeme umekatika,
asiguse hata kigoda.

Barua zimekuja mbili.
Ya Nairobi: kuna ukumbi wenye barafu,
kitanda, nauli, timu ya vijana,
na shule "itaangaliwa".
Ya pili ya mbali, kwenye nchi ambayo ziwa huganda
mpaka malori yanapita juu yake:
mshahara kidogo, saini hapa,
na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
ukishapokea hata senti moja,
timu za vyuo hazikutaki tena.

Mwalimu ana njia ya tatu, nayo haina barua:
amalize kidato cha nne, aongeze nyama mabegani,
mwaka, miwili, halafu tuongee.
"Atakuwa kachelewa," nikamwambia.
"Wenzake walivaa vyuma kabla hawajaacha kunyonya."
Akakuna kidevu. "Kachelewa tayari, Kashinje.
Sasa tunagombania nini?"

Baba anataka saini.
Bati la jikoni linavuja. Simlaumu.

Fomu inauliza urefu, inauliza uzito.
Nyumbani hatuna mizani,
basi Jumamosi, zamu ya usiku ilipokwisha,
nikampitisha mlango wa nyuma
nikampandisha kwenye mizani ya sangara.
Kilo hamsini na tisa na nusu.
Mabushi mlinzi akauliza, "Huyo minofu au mzima?"
Tukacheka wote watatu,
kisha mimi nikaacha.

Kazi yangu ni rula.
Kila sangara anayeshushwa namlaza ubaoni,
pua kwenye sifuri, mkia ufike utakapofika.
Chini ya sentimita hamsini sheria imekataa,
hata awe mnene, hata mvuvi anililie ada ya watoto.
Si kwamba ni mbovu. Hajataga.
Lakini kwangu hufika wameshakufa.
Nikimkataa anarudi mtumbwini, anauzwa uchochoroni.
Sijawahi kumrudisha hata mmoja majini.

Hilo sikumwambia.
Alishashuka, kaingia chumba cha barafu,
viatu vyake vinaning'inia shingoni,
kaweka kiganja juu ya bonge na kukiacha pale
hadi nikaona kucha zinageuka rangi.
"Dada, huko kwao, hii huisha lini?"
"Mwezi wa nne," nikajibu. Nilibahatisha.

Akaandika: hamsini na tisa na nusu.
Pa saini akapaacha.
Akaikunja fomu mara nne, tano,
akaijaribu kwa kidole, akaikunja tena,
akaishindilia ndani ya kiatu cha kushoto
mahali pa soksi.