Gari la Mavyaa

Jumamosi, uwanja wa magari wa Rustavi.
Theluji ya jana imegeuka tope,
na magari yamepangwa safu kwa safu, yameoshwa
kama watoto wa shule siku ya kupigwa picha.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
lakini hapa vyote vimesimama,
wanaotembea ni sisi watano,
tuliokuja ndani ya Niva ya marehemu baba mkwe,
buti lake limefungwa kwa waya.

Zviadi ana daftari. Ameandika kwa wino mwekundu:
magurudumu yote manne yavute, tumbo liwe juu, dizeli.
Barabara ya kupanda Racha haina adabu,
na mtungi wa divai wa lita hamsini
haupakatwi kama mtoto.
Mimi sikuandika. Nataka milango minne
na kiti cha nyuma ambacho watoto wawili
wanaweza kununiana bila kugusana viwiko.
Tekle anataka mahali pa kuchajia simu.
Saba (jina ni Saba, umri ni minne) anataka jekundu.
Mavyaa hakuulizwa.

Gocha muuzaji analipiga boneti kofi la mapenzi:
"Limetoka Amerika. Liligongwa kidogo."
Kidogo hicho Zviadi anakitafuta kwa ukucha,
anagonga bati, anasikiliza, anagonga,
mpaka pale ambapo bati halijibu.
Puti.
La pili linanukia waridi kupita kiasi.
Nauvuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake,
na huko ndani, mahali ambapo hakuna anayeosha,
mstari wa tope kavu umenyooka
kama alama ya mafuriko ukutani.
Gari hili limewahi kuogelea.
Namwonyesha Gocha. Gocha anatazama mawingu.

Kila gari mavyaa analijaribu kiti cha mbele.
Yale marefu, anayoyapenda mwanawe,
yanamtaka apande kama anayeingia darini:
mguu juu, mkono wa Zviadi kwapani,
koti limekunjamana, mtandio umeteleza.
Anashuka bila neno,
anajipangusa mahali pasipo na vumbi.

Halafu lile la kijivu,
rangi ya maji yaliyoosha masufuria,
si refu, si fupi, kana kwamba aliyelibuni
aliitwa mezani kabla hajamaliza.
Mavyaa akaligeuzia mgongo,
akakaa,
akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili,
akauvuta mlango mwenyewe.
Dirisha likashuka.
"Nipeni mkoba wangu."

Zviadi akapiga magoti topeni,
akapima chini ya tumbo la gari:
ngumi moja na dole gumba.
"Mama, Racha inataka ngumi mbili."
"Barabara ya Racha huenda wakaitengeneza," akasema.
"Goti langu, nani ameahidi?"

Daftari likarudi mfukoni.
Tukalipa, tukatia sahihi juu ya boneti lenye baridi.
Saba alilia hadi uso wake
ukawa mwekundu kuliko gari alilolitaka.

Jioni tukawa na magari mawili ya kurudi nayo nyumbani.
Nikamfungulia mavyaa la kijivu,
kiti nimekwisha kukipasha moto, swichi iko pale kando,
nimejifunza mapema ili nimfurahishe.
Akanipita.
Akaiendea Niva,
ambayo Jumatatu mtu wa vyuma chakavu angekuja kuichukua,
akakishika kitanzi cha kamba
alichokifunga mumewe juu ya mlango
mwaka ule alipovunjika nyonga,
akahesabu kwa sauti, moja, mbili,
akapanda.